Mtu wa Mabati Atafika Lini

Kabla ya alfajiri nilisikia kijiko kikigonga ndani ya kikombe, polepole, kama cha mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Alikuwa Juliet, mke wa mwanangu, anakoroga chai yangu. Sikuwa nimemwambia kwamba ninatoka mapema. Aliona tu jana jioni nimekunja kitenge changu cha kutembelea na kukiweka juu ya kiti, akaelewa.

"Mama, kunywa kwanza," alisema. "Hata ukiwahi, ile mashine ya fotokopi haiamki saa kumi na mbili."

"Siifuati mashine. Namfuata mwalimu kabla hajaipa mashine karatasi zake."

"Ni mambo ya Mtu wa Mabati?"

"Ni mambo ya Ocokoru."

Aliongeza sukari.

Mwalimu Ayiko anafundisha shule moja ya msingi hapa Arua, na kila Jumatatu hutoa hadithi yake kwenye karatasi nne, maneno na picha. Zinapigwa fotokopi dukani, zinabanwa kwa pini, na kufika saa sita zimekwisha. Mtu wa Mabati ni mpakuzi wa malori kule Vurra, mpakani mwa Congo. Siku moja radi ilimpiga akiwa amebeba mabati kichwani, na tangu hapo ngozi yake haipitishi risasi. Akikimbia, husikika kama mvua juu ya paa. Mvua ikianza, wajukuu wangu husema anapita.

Pale dukani kuna mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa juu. Ukidhani unajua litakalotokea wiki ijayo, unaandika kwenye kikaratasi na kukitumbukiza. Ukipatia, jina lako huandikwa nyuma ya toleo linalofuata. Watu wazima wamegombana kwa ajili ya mkebe huo.

Mimi niliishia darasa la tatu. Nasoma kwa kidole, silabi moja, kisha nyingine, na neno refu nalirudia mara mbili. Hata hivyo kila Jumanne naenda Koboko kumsomea rafiki yangu Ocokoru, ambaye macho yake yamekufa. Anaishi kwa binti yake, Night Poni. Tangu mwezi wa pili tumbo lake limevimba, na hospitalini wamesema arudi akae nyumbani. Tunajua maana ya maneno hayo. Yeye pia anajua.

Kwa majuma matatu hadithi ilikuwa imeingia katika miaka ya vita, ndani ya misheni. Mwalimu hakuandika jina la mahali. Alichora ukuta, kanisa, na watu waliokaa chini na magodoro yao na kuku wao. Mtu yeyote wa umri wangu aliona kwamba ni Ombaci, misheni iliyo nje kidogo ya Arua. Mwaka ule watu walikimbilia pale wakidhani misheni haiguswi, na askari wakaingia, wakaua. Mimi nilikuwa nimevuka Vurra na watoto wangu, tuko Aru, upande wa Congo. Ocokoru alibaki misheni na mwanawe wa kwanza, Sunday, mwenye miaka saba. Mtoto yuko huko mpaka leo. Mama yake aliniambia mtoto alikuwa amelala, hakujua kitu, na miaka yote hiyo sikumuuliza zaidi.

Sasa katika toleo la kumi na mbili mwalimu alichora mvulana, na chini yake akaandika: mtoto mwenye sweta ya kijani. Sunday alikuwa na sweta ya kijani. Nilipoyasoma maneno hayo Ocokoru alinishika mkono, akaniambia nirudie. Nikarudia. Toleo la kumi na tatu liliishia malori ya askari yakiwa barabarani, na Mtu wa Mabati yuko Vurra, ndiyo kwanza amepata habari.

"Atafika," Ocokoru alisema siku hiyo. "Akipita njia ya chini, atafika kabla yao."

"Dada, ni hadithi."

"Najua ni hadithi. Nimepofuka, sijawa mjinga. Nataka mtoto atoke mara moja tu. Hata kwenye karatasi. Halafu nitalala."

Hiyo ndiyo sababu ya chai ya mapema.

Nilifika dukani nikakuta watu wamekwisha kusanyika. Jada, kijana wa boda, alikuwa ameegemea pikipiki yake. Swaibu, anayeleta samaki wakavu kutoka Congo, alikuwa amekaa kwenye kigoda. Aliponiona alisimama, akakifuta kigoda kwa shati lake, akanipa, bila kukatisha maneno yake.

"Leo iko fika," Jada alikuwa akisema. "Analala mbele ya geti, risasi zinagonga mgongo wake, watu wanatoka nyuma."

"Ulisema hivyo hivyo wiki ya daraja," Swaibu akamjibu. "Daraja likaanguka."

"Daraja ilikuwa haina watu."

"Ilikuwa na mbuzi."

"Mbuzi hapana kuhesabu, mzee."

"Kwako wewe usiye na mbuzi. Mimi nasema ule mutu atakufa leo. Toleo ya ishirini anafufuka. Anaua mutu ili wewe ununue karatasi."

"Mabati inakufa namna gani?"

"Inapata kutu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha mwalimu akaja na mkoba wake, nikamwomba tukae kando. Ni kijana mpole, ana chaki kwenye kucha. Aliniita dede, kama Walugbara wanavyowaita bibi zao, akasikiliza mpaka nikamaliza. Nilimweleza juu ya Ocokoru, macho yake, tumbo lake, na sweta.

Alitoa karatasi nne akanionyesha. Sikuhitaji kusoma, picha zilitosha. Mtu wa Mabati amefika. Geti limeanguka. Malori yameondoka. Hakuna wa kupigana naye. Katika picha ya mwisho amepiga magoti, amembeba yule mtoto, na kichwa cha mtoto kimeanguka nyuma.

"Mkebe ulikuwa na karatasi sitini na kitu," alisema. "Karibu zote zinasema atafika kwa wakati. Nilikaa nazo siku tatu, dede. Lakini mimi huwapeleka watoto wa shule kule Ombaci kwenye ukumbusho. Mmoja aliniuliza, mwalimu, kwa nini hawakukimbia tu? Nikimleta huyu mapema, kesho wataniuliza, kama waliokolewa, hapa amezikwa nani?"

"Wewe una watoto wengi wa kuwajibu," nilimwambia. "Mimi nina mtu mmoja, na anakufa."

Alikiweka kidole chake chini ya picha ile. Mtu wa Mabati anauliza, huyu anaitwa nani, na mwanamke aliyekaa pembeni anajibu, anaitwa Amandu.

"Amandu ni ndugu wa baba yangu," mwalimu alisema. "Alikuwa na miaka kumi. Mimi sikumwona." Kisha akaniuliza, "Mtoto wa rafiki yako aliitwa nani?"

"Hilo si langu kulitoa. Ni la mama yake."

Alifikiri. Akaenda kaunta, akaomba ile rangi nyeupe ya kufutia makosa. Akalipaka jina la Amandu mpaka likapotea, akapuliza mpaka pakakauka, akaweka nukta kwa kalamu, moja moja, nafasi ya jina moja. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Halafu akaipa mashine karatasi zake, na mtoto alikuwa bado amekufa.

Jumanne njia nzima ya Koboko nilikuwa na bahasha ya toleo jipya mapajani, nikijua nitakachofanya.

Night Poni alikuwa amesogeza kitanda karibu na mlango ili mama yake apate hewa. Alikuwa akimwosha miguu kwenye beseni. Miguu ya Ocokoru ilikuwa imevimba, lakini mikono imebaki mifupa. Chakula cha asubuhi kilikuwa kwenye kiti, hakijaguswa.

"Umechelewa," alisema Ocokoru.

"Gari lilisubiri abiria."

"Na yeye? Amefika?"

Nilikaa, nikafungua karatasi, nikaweka kidole mahali pake, nikaanza. Nilisema Mtu wa Mabati aliwahi kabla ya malori. Alisimama getini, risasi zikamgonga zikaanguka chini, na askari wakatazamana. Alimweka mtoto mwenye sweta ya kijani mgongoni, wakapita katikati ya mihogo, wakatokea upande wa pili. Niliwavusha mpaka Congo. Niliwapa uji nyumbani kwa mama mmoja wa Aru, mama niliyemjua kweli, aliyenipa uji mimi mwaka ule. Nilipomaliza niligeuza ukurasa ili usikike.

Night Poni alikuwa ameacha kuosha, anatabasamu. Ocokoru alikuwa ameelekeza uso juu.

"Viktoria," alisema. "Sasa soma."

"Nimesoma."

"Hukusoma. Ukisoma unajikwaa. Miezi mitatu sasa unajikwaa kwenye risasi. Ri, sa, si. Leo umekimbia kama padri mwenye njaa."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu, na yeye hakuweza hata kuuona.

"Mama, lakini ilikuwa nzuri," alisema Night Poni.

"Ilikuwa nzuri. Mshukuru. Sasa nataka ile ya mwalimu."

Nikasoma. Sijawahi kusoma polepole hivyo. Geti limeanguka, ge, ti. Moshi. Kiatu kimoja. Mtu wa Mabati anaita na hakuna anayeitika. Ocokoru hakulia. Alikuwa akitikisa kichwa kidogo kila sentensi, kama mtu anayesomewa orodha ya vitu vyake mwenyewe. Nikafika kwenye picha ya mwisho, nikamwambia ilivyo, magoti, kichwa cha mtoto. Nikasoma, huyu anaitwa nani. Nikaishia hapo.

"Umemaliza?"

"Bado. Mwanamke anajibu, lakini hapa hakuna neno. Mwalimu ameweka nukta tu. Nadhani kila anayesoma anaweka lake."

Jirani alikuwa akitwanga, tukahesabu mipigo bila kutaka.

"Sunday," alisema. "Liandike."

Sikuwa na kalamu. Night Poni alifuta mikono, akaleta penseli ya mtoto wake wa shule. Nililiandika jina juu ya nukta kwa herufi kubwa, zikapita pembeni. Nikamwambia tayari.

"Hakuwa amelala," alisema Ocokoru.

Nilidhani anazungumzia picha.

"Nilikudanganya. Nilitoka asubuhi ile kutafuta mihogo. Tulikuwa hatujala. Akashika nguo yangu, akataka tuende pamoja. Nikampiga kofi. Nikamwambia, hapa ndipo salama, kaa hapa. Akakaa. Alikuwa mtoto wa kusikia." Akavuta pumzi, ikamuuma. "Niliporudi alikuwa pale pale nilipomketisha. Wengine walikuwa wamekimbia huku na huku, wameangukia mbali. Yeye hakuwa amehama hata hatua moja."

Night Poni hakuwa amewahi kuyasikia hayo, yeye aliyezaliwa baada ya kaka huyo na kulelewa akilisikia jina lake. Mguu wa mama yake ulikuwa tena mkononi mwake. Hakuuachilia. Aliendelea kuosha, kidole kimoja baada ya kingine, akachukua taulo, akakausha hata katikati ya vidole.

"Ndiyo maana nilitaka afike mapema," Ocokoru alisema. "Amtoe pale nilipomweka mimi."

Nilitaka kusema hata Mtu wa Mabati alichelewa, lakini niliona hilo halimsaidii, kwa sababu yeye hakuchelewa tu, ndiye aliyemketisha pale. Nikasema nililokuwa nalo.

"Mimi nilikuacha barabarani. Ningekuvuta twende Vurra wote."

"Ulinivuta. Nilikataa."

"Ningevuta zaidi."

"Ungeondoka na mkono wangu, na mimi ningebaki." Alicheka kidogo, akashika tumbo. "Sasa hivi ungekuwa unausomea mkono."

Night Poni alimpashia uji moto, akanywa vijiko vinne. Niliviona vyote vinne. Kisha akafumba macho, nikadhani amelala, nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Pale dukani wanasemaje?" aliuliza. "Sasa atafanya nini?"

"Sijapita tena. Lakini Jada atasema anawafuata askari. Anayakamata malori njiani, anawamaliza."

"Jada ni mtoto. Hatawafuata. Wafu wako wengi pale chini na yeye yuko peke yake. Atawazika kwanza, na hilo si jambo la toleo moja. Andika hivyo utie mkebeni. Jina langu uliandike zima."

"Nitaandika."

"Na ile karatasi yenye jina la Sunday usiichukue. Iache hapa."

Niliiweka chini ya mto wake. Alipapasa mpaka akaigusa. Night Poni alikuwa tayari mlangoni na mfuko wa maembe makavu ya kumpelekea Juliet, ambaye hajawahi kumwona. Niliinama kumuaga Ocokoru, akanishika kitenge kwa vidole viwili tu, kwa kuwa ndiyo nguvu aliyobaki nayo.

"Jumanne uje tena," alisema. "Huyu Night atakwambia nimelala, nisisumbuliwe. Usimsikilize. Uingie, uje mpaka hapa kitandani."