Wimbo Uliopita Juu ya Ukuta

Mama Scholastique alitaja mbwa kabla hata ya kutaja bei ya chumba. Alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, akamtazama Prince mgongoni mwangu, akasema watoto anawapenda, hata walie, ndiyo dalili nyumba iko na watu. Kuku, sawa. Mbuzi mmoja, tungeongea.

"Lakini mbwa, hapana. Siku mbwa anaingia, weye unatoka."

Nilicheka, maana sikuwa na mbwa. Nilikuwa na mtoto asiyejua bado kutembea, kitanda, vyombo vichache, na mume mlinzi wa wanyama kule msituni Epulu, ambaye alikuwa anafika nyumbani kama mvua ya kiangazi.

Sababu nilikuja kuisikia kwa Clarisse, mpangaji wa chumba cha mwisho. Wakati wa vita Mama Scholastique alikuwa amejificha na watoto wake katika shamba la mihogo. Mbwa wao aliwafuata kwa kuwapenda, akabweka saa ambayo hata mtoto mchanga alinyamaza. Clarisse hakumaliza kusimulia, nami sikumwomba amalize.

Sasa ilikuwa amani, ile amani yetu ya kulala na viatu karibu na kitanda. Magari meupe ya walinda amani yalipita, samaki wa Kasenyi, kule ziwani, walipanda tena mpaka sokoni, na mimi nilianza masomo ya jioni. Mama Scholastique mwenyewe alinishikia Prince nikienda kusoma, na hakutaka shukrani. Lakini mbwa wa Ngezi, mtaa wetu, wakibweka wote pamoja, mtaa mzima ulinyamaza. Vijiko vilisimama kati ya sahani na mdomo mpaka ijulikane ni kitu gani.

Ndipo Kambale, mume wangu, akafika siku moja, juu ya lori la mbao, mavumbi mpaka kwenye kope, na ndani ya koti lake kuna kitu kinapumua.

Alikuwa mbwa mdogo, mwekundu kama udongo wa barabara, miguu myeupe, mkia umejikunja juu ya mgongo kama kata ya kubebea ndoo. Paji la uso lilikuwa na mikunjo ya mtu anayefikiria hesabu ngumu. Shingoni alivaa kengele ya mti. Nilimwambia Kambale kwamba ametuletea kufukuzwa. Akasema mbwa wa msituni habwekake hata siku moja. Ndiyo maana wawindaji wanamfunga kengele, wajue yuko wapi kwenye majani.

"Basi atatulinda namna gani?" niliuliza.

"Hatakulinda na mwizi," alisema. "Atakulinda na upweke."

Akarudi Epulu, akaniacha na jibu hilo. Nikamwita mbwa Soksi. Kengele niliijaza kitambaa ili ulimi wake usigonge, nikaificha chini ya nguo.

Soksi alikuwa rahisi kumficha. Alijilamba kama paka, hakunuka. Mchana Mama Scholastique alikuwa sokoni na samaki wake, na jioni Soksi alilala chini ya kitanda. Mwenye nyumba mwenye adabu hapiti pazia la mpangaji. Clarisse peke yake ndiye aliyejua, naye alikuwa ananitania kwamba mbwa wangu amesoma kuliko siye wote, anajua kunyamaza.

Kitu kimoja sikukijua. Soksi hakubweka, lakini aliimba.

Ilikuwa alfajiri, ile saa ambapo mwanga unaingia kwenye matundu ya paa na chumba kinaonekana kama kiko chini ya maji. Soksi aliweka kidevu pembeni ya kitanda, akatoa sauti. Haikuwa kilio, haikuwa mlio wa mnyama ninayemjua. Ilikuwa kama mwanamke anayeimba midomo imefumbwa, mikono iko kazini, mawazo yako mbali, labda anasuka nywele za mtu anayempenda. Ilipanda, ikajizungusha juu, ikashuka taratibu. Prince alitabasamu ndani ya usingizi. Mimi nilidhani bado naota, na kwa kuwa niliota vizuri, sikuinuka. Tangu hapo aliimba kila alfajiri, na kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa. Ng'ambo ya ukuta wangu alilala Mama Scholastique.

Jioni moja nilitoka masomoni, nikaenda kumchukua Prince. Alikuwa amelala mapajani mwa Mama Scholastique. Aliniambia niketi, akanimiminia chai.

"Mama Prince, ile wimbo unaimbiaka mutoto asubuhi. Mama yangu aliimbaka vile akikamua ng'ombe. Toka vita nilikuwa nashinda macho wazi mpaka jua. Sasa nikiisikia, nalala. Uniimbie kidogo hapa."

Chai ilinichoma mdomo. Nilifumba midomo, nikajaribu. Nilipandisha sauti, nikaizungusha, nikaishusha. Alisikiliza kichwa kimeinama, kama anayeonja chumvi ya mchuzi wa mwenzake.

"Hapana," alisema. "Si ile." Kisha, pole sana: "Basi labda mimi ndiye naota. Wazee tunaota."

Nilimwona akijifunga, kama mtu anayeingiza viti ndani mvua ikikaribia. Kama ningenyamaza, ningebaki na chumba, na mbwa, na mlezi wa mtoto wangu, naye mzee yule angebaki bila sauti ya mama yake. Niliinuka, nikaenda, nikarudi na Soksi mikononi, nikamweka kwenye saruji.

Mama Scholastique alivuta miguu juu ya kiti. Alimkumbatia Prince kwa nguvu mpaka akaamka.

"Umutoe."

"Mama, huyu habwekake."

"Mbwa yote inabwekaka. Umekunywa chai yangu, na hii kitu iko chini ya paa yangu. Umutoe, na vyombo vyako kesho."

Hapo mbwa wa mtaa walianza. Mmoja upande wa barabara, halafu wa jirani, halafu wote. Mama Scholastique alifunika kinywa cha Prince kwa kiganja. Mimi niliona viatu vyangu, niliona mlango, nilihesabu nguo za kubeba. Soksi alisimama. Masikio yalinyooka, mikunjo ya paji ikaongezeka. Alitazama mlango, akatazama mkono ule juu ya mdomo wa mtoto. Hakutoa sauti. Alienda kuketi mbele ya kiti, akaegemeza ubavu.

Barabarani mtu akacheka. Lori la samaki lilikuwa limepasua tairi.

Mama Scholastique aliondoa kiganja chake polepole. Prince hakulia. Alinyoosha mkono kumshika Soksi sikio.

"Yote imebweka," alisema mama yule. "Hii imenyamaza." Alimtazama muda mrefu. "Ndiyo inaimbaka?"

"Ndiyo, Mama."

"Nitasikia asubuhi. Isipoimba, unatoka nayo."

Alfajiri ilifika, chumba kikawa tena chini ya maji. Soksi alikuwa amejikunja mlangoni, macho wazi, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Nilimbembeleza kwa kunong'ona. Hakuna. Nje mtu alianza kufagia. Nilikuwa nimeshaanza kutazama kitanda kwa jicho la mtu wa kuhama, Prince alipogeuka, akafumba midomo, akatoa ile sauti. Ilikuwa ndogo, imepinda, yenye mate. Lakini ilipanda, ikajizungusha, ikashuka.

Soksi aliinua kichwa, akamjibu.

Ng'ambo ya ukuta kitanda kililia. Kisha, juu ya ukuta usiofika paani, ikaja sauti ya tatu, nzito kidogo, midomo imefumbwa, ya mtu anayekamua ng'ombe ambao hawapo tena. Nililala kimya kati yao.

Walipomaliza, Mama Scholastique aliniita bila kuinuka.

"Mama Prince. Kitu haiko na sauti, nitaijua namna gani mu giza? Nitaikanyaga."

Nilitafuta chini ya nguo, nikakitoa kitambaa ndani ya kengele, nikamvalisha Soksi. Alitoka uani akitembea, to, to, to, akasimama mbele ya mlango wa mwenye nyumba, akaingia.

Mpaka leo mbwa wa Ngezi wakibweka pamoja, mtaa unanyamaza. Kwetu tunasikiliza kengele. Ikienda polepole uani, vijiko vinaendelea mpaka mdomoni.