Siku Baba Alipokaa Jukwaani

Katika miaka yangu yote ya sekondari, mtu aliyenipulizia faulo nyingi kuliko wote ni baba yangu mzazi. Si utani. Kazi yake ilikuwa kuchomelea milango na madirisha, na jioni alikuwa mwamuzi wa mpira wa kikapu, tena mwenye uso mkavu hadi wachezaji wakambatiza Chuma. Waamuzi wa ligi ya shule walikuwa wa kuhesabika, kwa hiyo mechi zangu nyingi zilimwangukia yeye. Na kwa kuogopa watu wasije wakasema anambeba binti yake, alinibana mimi kuliko mchezaji mwingine yeyote.

Tulikuwa na sheria zetu. Siku ya mechi hatukuongea tangu asubuhi. Tulikunywa chai kila mtu kivyake, yeye akatangulia kutoka, mimi nikafuata baadaye, ili tusionekane tukiingia ukumbini pamoja. Uwanjani sikumwita baba. Nilimwita mwamuzi, naye aliniita namba saba, ile ya kwenye jezi yangu. Ubaya ni kwamba jina hilo lilitufuata hadi nyumbani. Saba, umefunga mlango? Saba, chumvi iko wapi? Mama alifariki nikiwa darasa la pili, hivyo hapakuwa na mtu mwingine wa kuniita vinginevyo.

Nilikuwa mzuri, na sitajifanya mnyenyekevu. Nilikuwa mzuri kiasi kwamba chuo kimoja cha mbali, cha kupanda ndege mbili, kilikubali kunisomesha bure ili nikawachezee. Majirani walinipongeza hadi nikachoka kutabasamu. Lakini kila tuliposhinda, wenzangu walikimbilia jukwaani kukumbatiwa na watu wao, nami nikabaki nafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Mtu wangu alikuwa kule kwenye meza ya watunza muda, amenipa mgongo. Upweke wa namna hiyo una aibu ndani yake, kwa sababu huwezi kusema uko peke yako wakati baba yako yuko pale pale ukumbini.

Shule ilipopanga mechi ya kuniaga, nilipiga moyo konde nikamfuata karakanani. Alikuwa anakwangua kutu kwenye geti la mteja.

"Baba, mechi ya Jumamosi usichezeshe."

Hakuinua kichwa. "Nani achezeshe?"

"Yeyote. Wewe ukae jukwaani kama wazazi wengine. Nataka unishangilie. Mara moja tu, kabla sijaondoka."

"Mimi mambo ya kushangilia siyajui, Saba."

"Kwani kuna ufundi gani? Si unafungua mdomo tu, unapiga kelele?"

Akapuliza vumbi la kutu. "Nitaona," alisema, na Chuma akikwambia ataona, ujue umenyimwa.

Jumamosi nilipoingia uwanjani, filimbi ilikuwa shingoni mwa kijana nisiyemjua. Nikaangaza macho jukwaani. Baba alikuwa amekaa nyuma ya nguzo, kwenye kona, kama mtu aliyeingia bila tiketi. Nilichokiona ni goti na kiatu, lakini kiatu hicho nimekipiga rangi mwenyewe mara nyingi, nisingeweza kukikosea. Furaha ilinipanda. Nikajiambia leo nitacheza mpaka aruke.

Nikafunga kikapu cha kwanza, nikatazama kwenye nguzo. Watu wote walikuwa wamesimama, hata hilo goti sikuliona tena. Nikafunga cha pili, cha tatu. Ukumbi ulikuwa unavuma, na mimi nilikuwa natafuta kitu kimoja tu ndani ya kelele zile.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyepayuka bila kupumzika. "Twende, mama! Hapo hapo, mwanangu! Wafunge, mama!" Alikuwa na sauti nyembamba, ya kukwaruza, na kwa jinsi watu walivyosimama sikuweza kumwona. Hata wakati wa mitupo huru, watu wa kwetu wote wametulia ili mpigaji asibabaike, yeye alikuwa anaendelea tu. Wachezaji wenzangu walikuwa hoi kwa kicheko. Nilidhani ni baba wa namba kumi na moja, ambaye ndugu zake huja kwa wingi. Nikamwonea kijicho. Baba wa mwenzangu amekubali kuchekwa na ukumbi mzima kwa ajili ya mwanawe, wangu kajificha nyuma ya nguzo.

Nusu ya pili nilianguka vibaya. Yule mwamuzi kijana akainama kwa upole. "Uko sawa, dada?" Hapo ndipo machozi yaliponilenga. Miaka yote, kila nilipoanguka, Chuma alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. "Inuka, Saba," angesema, na asingerudi nyuma mpaka niinuke. Nilikuwa nimemwondoa mwenyewe mahali pekee alipokuwa karibu nami, na huko nilikompeleka sikuwa nampata.

Tulishinda. Wenzangu wakakimbilia jukwaani, nami nikainamia viatu vyangu. Kile kiatu nilichokijua kikaja kusimama mbele yangu.

"Hata makofi, baba?" nilisema bila kuinua uso. "Nilikuomba kitu kimoja tu."

Nilipomtazama, shati lake lilikuwa limelowa jasho hadi kiunoni. Alifungua mdomo, ukatoka upepo tu. Akajishika koo, akatikisa kichwa.

Namba kumi na moja akapita akimpiga begani. "Chuma, leo umetumaliza! Twende mama, twende mama, mpaka kwenye mitupo huru!"

Nilisimama nikamshika baba mashati. Filimbi yake ningeitambua kati ya filimbi mia. Sauti yake ikiniita mama sikuwahi kuisikia, na siku ilipokuja, nilimgawia mwenzangu.

"Sema tena," nilimwambia. "Baba, sema tena kidogo."

Akajaribu. Midomo ilicheza, shingo ikamtoka mishipa.

Ndege yangu ilikuwa kesho yake asubuhi. Kwenye lango la abiria alinishika kichwa kwa mikono miwili, akajaribu mara ya mwisho, na sote wawili hatukusikia kitu.