Uyoga Wenye Kifuko

Kitindamimba, mwanamke mzima sasa, alirudi kutoka msituni na uyoga asioujua, mweupe pe, akauweka mezani jikoni mbele ya mama yake. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja, na ole wako uivunje: anayeutambua uyoga ndiye anayeula kwanza, peke yake, na wengine wanasubiri asubuhi waone kama ataamka. Miaka nenda rudi mtambuzi alikuwa mama, na kila akiamka aliwacheka kwa kumchungulia mlangoni.

Lakini siku hizi mama alikuwa anasahau. Kaka mkubwa alishasema waziwazi kwamba haaminiki tena na sufuria, na kitindamimba akamkatalia katakata mpaka wakanuniana. Kwa hiyo uyoga huu aliuleta roho mkononi. Mama akiutambua, kaka ataumbuka, na mama yao bado ni yuleyule.

Mama akaugeuza, akaunusa, akaifikicha kofia yake kwa kidole gumba. Uso ukamkunjuka. Akasema anaujua sana, mtamu ajabu, marehemu baba yao alikuwa akiramba mpaka mwiko. Akabandika sufuria, akaagiza kitunguu.

Binti hakwenda kuleta kitunguu. Udongo ulikuwa umepukutika, na sasa alikuwa anakitazama kifuko kilichoshika shina kwa chini, kama soksi iliyoshuka. Maskini, alitamani asingekiona. Mama alikuwa ameshashika kisu.

"Mama, huo una kifuko."

Mama akasonya. Akauliza tangu lini anafundishwa uyoga nyumbani kwake, na nani hasa.

"Ulinichapa kwa uyoga wa hivihivi, mama. Nilikuwa mdogo. Ulisema wenye kifuko unaua, ukanichapa huku unalia."

Mama akautazama uyoga, akamtazama binti, na ikaonekana wazi kwamba kichapo hicho hakikumbuki hata chembe. Akakiweka kisu chini. Aliona haya, na kumwona mama yake akiona haya kulimchoma binti kuliko yote. Mama akazima moto mwenyewe, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akavuta kiti akakaa upande wa meza waliozoea kukaa watoto.

"Kuanzia leo utakula wewe kwanza, mwanangu," akasema. "Mimi nitasubiri asubuhi."

Binti akaitikia sawa. Akaubeba uyoga nje, akaufukia nyuma ya nyumba, akalia hukohuko ili asisikike.