Hali ya Hewa ya Bethuel

Jumatatu asubuhi Kerubo alikuwa sebuleni kwake, Great Barr, jijini Birmingham, akipiga pasi sare yake ya kazi, wakati mumewe Bethuel alipoingia akitoka safari ya mpira. Alikuwa na begi dogo mgongoni na skafu ya Aston Villa shingoni. Nje vioo vya magari vilikuwa vimeganda, lakini Bethuel aliingia na jua. Lilikuwa jua la karibu adhuhuri, limemkalia kichwani na mabegani, na alipoketi kwenye kochi likaketi naye, likaangaza mito na nusu ya zulia.

"Funga mlango," Kerubo alisema. "Joto linatoka."

Bethuel aliinuka akaufunga.

Alikuwa ameondoka Jumatano. Alisema Villa inacheza ugenini kule kaskazini, kwamba atafikia kwa Ruben, rafiki yake anayeishi Newcastle, na kwamba ataongozana na Idarous wa kazini. Kerubo hakuwa na neno. Mwaka ulikuwa unaisha na Bethuel alikuwa na siku za likizo ambazo zingepotea bure.

"Mechi ilikuwaje?" aliuliza sasa, akigeuza mkono wa sare.

Bethuel alimweleza. Alitaja nani alipiga kona, nani alitoka akichechemea, na goli liliingia kwa mguu gani. Alieleza vizuri mno. Kerubo alishakwenda uwanjani naye mara nyingi za kutosha kujua mtu aliyekuwapo hukumbuka nini. Hukumbuka foleni ya choo, na jamaa mrefu aliyesimama mbele yake, na vidole vya miguu vilivyokufa ganzi. Bethuel alieleza kama gazeti.

Kerubo alipokuwa kwenye treni ya kwenda kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Sutton Coldfield, alimpigia simu Idarous.

"Ndiyo, shemegi," Idarous alisema kwa sauti yake ya Kizanzibari, polepole. "Nilikuwa naye. Mechi nzuri."

"Wewe si mtu wa Arsenal?"

"Nilikwenda kutazama tu, shemegi. Mpira ni mpira."

Kerubo alimshukuru, akakata simu. Sasa alikuwa na hakika kwamba kuna jambo, na kwamba wanaume wawili wanalijua. Alifikiria mwanamke. Pale kazini kuna wenzake wanaokwenda visiwa vya joto kila Desemba na kurudi na jua kidogo usoni, lakini jua lao huisha katika wiki moja na halimwangazii mtu zulia. Hili la Bethuel halikuonyesha dalili ya kuisha.

Nyumba ililizoea haraka. Kerubo alisogeza kichanja cha kuanikia nguo karibu na kochi, na soksi zikakauka kabla ya chai kuiva. Jasdeep, jirani wa upande wa kushoto, alibisha hodi akauliza kama Bethuel anaweza kusimama kidogo kando ya gari lake barafu iyeyuke, kwa sababu amechelewa kazini. Bethuel alivaa kandambili akaenda. Jasdeep alimshukuru, na kesho yake akaleta samosa. Kule Tyseley, kwenye karakana ya treni ambako Bethuel anafanya kazi ya kuosha mabehewa, wenzake walianza kunywea chai yao mahali aliposimama yeye.

Jumamosi Villa ilicheza nyumbani. Mashabiki waliokaa karibu na Bethuel walivua makoti kipindi cha kwanza, wakayavaa tena wakati wa mapumziko, jua lake lilipozama. Lilizama mapema kwa sababu halikufuata saa za Birmingham, lilitangulia.

Na kila siku, karibu saa saba mchana, mvua ilinyesha. Kazini haikumsumbua mtu, maana pale wanaposhinda wakiosha mabehewa hakuna anayejali maji yanatoka wapi. Siku za mapumziko Bethuel alichukua kigoda na chakula chake, akahamia bafuni. Mawingu yalijikusanya chini ya dari, meusi, yakipishana na taa. Kerubo aliyasikia akiwa jikoni na hakwenda kutazama. Alikuwa bado anahesabu wanawake anaowajua Newcastle, na hakumjua hata mmoja.

Jumapili alikwenda. Alikuwa anatafuta taulo. Bethuel alikuwa kwenye kigoda chini ya mwavuli, anatazama mpira kwenye simu aliyoifunga kwa mfuko wa plastiki. Mvua ya mawe ilikuwa imetangulia, vipande vidogo kama maharagwe, vikirukaruka ndani ya beseni la kuogea. Kisha yakafuata matone makubwa, mazito, yaliyopiga wima. Na ikapanda harufu ya majani ya chai yanayokaushwa kiwandani, ikichanganyika na moshi wa mkaratusi.

Kerubo alisimama mlangoni na taulo mkononi. Aliijua mvua hiyo. Alikuwa ameikimbia kila alasiri ya utoto wake, akitoka shule, na daftari ameziingiza ndani ya sweta. Haikuwa mvua ya Nairobi, wala haikuwa ya Kitale kwao Bethuel, ambako Desemba ni vumbi tupu. Ilikuwa mvua ya Kisii, tena ya upande wa mlima wao, pale kwa baba yake.

Wazo la mwanamke likamtoka, likaja lingine baya zaidi. Mwanamume hawezi kuvuka bahari kwenda kwa wakwe zake bila kumwambia mkewe ila awe na mashtaka. Ameenda kumshtaki kwa wazee. Ameenda kusema amechoka. Kerubo alijiuliza amemkosea nini, akapata mambo mawili matatu, yote madogo.

Aliingia, akaketi kwenye ukingo wa beseni. Mvua ikamnyeshea.

"Ulienda kwetu."

Bethuel alizima simu. "Nilienda."

"Kunishtaki."

"Hapana."

"Kufanya nini, basi?"

"Kumzika mzee."

Mvua ilikuwa imekolea. Bethuel alimsogezea mwavuli, naye akausukuma kando kwa kiganja.

"Mzee nani?"

"Baba, Kerubo."

Alimweleza, na safari hii hakueleza kama gazeti. Alirudi nyuma, akasahau, akarekebisha. Mzee Ongeri alianza kuumwa kifua mwishoni mwa Novemba, akapelekwa hospitali akiwa amechelewa, akafa siku ya pili. Ombati, kaka mkubwa wa Kerubo, alimpigia Bethuel akiwa kazini. Alisema ndugu wote wamekaa wakaamua Kerubo asiambiwe mpaka atakapofika mwenyewe. Likizo yake ilikuwa Januari, na wao walitaka kuzika kabla ya Krismasi, watu wakiwa wamerudi nyumbani.

"Walisema ukiambiwa utataka wakungoje."

"Ningetaka."

"Ndiyo."

Kerubo alifuta maji usoni. Alikumbuka kwamba wiki nzima kabla ya safari ile Ombati alikuwa akimwambia simu ya mzee imeharibika. Naye alikuwa amemjibu amnunulie mzee nyingine.

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema nitakuja." Bethuel alitazama magoti yake. "Nilidhani lazima mmoja wetu awepo. Nilidhani nitakwambia nikirudi. Kisha nikarudi na hili jua, na wewe ukaniuliza habari za mechi."

"Wamemlaza wapi?"

"Kando ya mama."

"Udongo wangu alitupa nani?"

"Mimi. Nilitupa mara mbili. Ndipo mvua ikaanza. Watu walikimbilia hemani, mimi nikabaki pale."

"Watu waliambiwa niko wapi?"

Bethuel hakutaka kujibu hilo, lakini alijibu. "Ombati alitangaza kwamba umezuiwa na theluji. Kwamba ndege zote za Uingereza zimesimama. Mchungaji akakuombea."

"Wiki ile haikuanguka theluji."

"Najua."

Mvua ilikatika ghafla, kama inavyokatika kule. Kerubo aliendelea kukaa, nywele zikimchuruzika. Hakulia mbele yake. Alisema tu, "Usiwaambie kwamba najua."

"Kwa nini?"

"Nataka kusikia watasema nini."

Tangu siku hiyo, kila alipokuwa nyumbani saa saba, alikwenda kuketi kwenye ukingo wa beseni mpaka mvua iishe. Siku moja alikinga viganja, akayanywa maji yaliyojaa. Bethuel alimletea kigoda cha pili.

Siku ya Krismasi Kerubo alirudi kutoka zamu ya usiku, akalala kidogo, akaamka akapika. Walikuwa mezani, sufuria ya pilau katikati, Bethuel na jua lake upande wa dirisha, Ombati alipopiga simu ya video. Alikuwa amevaa shati jipya. Nyuma yake watoto walikuwa wakipita wakikimbizana. Aliwatakia heri, akauliza habari za baridi, akasema ng'ombe amezaa.

"Baba yuko wapi?" Kerubo aliuliza.

"Amelala," Ombati alisema. "Unajua uzee. Lakini anakusalimu sana."

Bethuel aliweka kijiko chini. Kerubo alimgusa mkono chini ya meza, nao ulikuwa na joto.

"Anasemaje?"

Ombati aligeuka pembeni kidogo, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili, kisha akarudisha uso kwenye simu.

"Anasema mle vizuri."

Kerubo alimtazama kaka yake kwa muda. Ombati hakuinamisha macho.

"Mwambie tunakula," Kerubo alisema, akamsogezea Bethuel sahani amalize, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya meza.