Ushindi wa Tadio Dhidi ya Mtungi

Numerio Tadio alikuwa ameamua kuwa yeye mwenyewe. Ili kulitimiza hilo, alifuga ndevu kama za mwalimu wake wa falsafa, akanunua joho la kukwaruza kama la mwalimu wake, akaanza kulala sakafuni kama alivyosikia mwalimu wake hulala. Mtaa wote wa Subura, pale Roma, ukakiri kwamba hajapata kutokea mtu wa pekee kiasi hicho.

Mwalimu alimfundisha kwamba yako mambo yaliyo mikononi mwetu na yako yasiyo mikononi mwetu, na mwenye busara huchagua ugomvi wake. Tadio aliyapokea hayo kwa moyo mkunjufu, kisha akaendelea kugombana na muuza soseji kwa sababu ya kelele, na kinyozi kwa sababu ya kucheka. Zaidi ya wote aligombana na Hosidio dobi, aliyeweka mtungi kwenye pembe ya nyumba ya Tadio ili wapita njia wakojolee humo, naye apate cha kufulia, maana mkojo ndio uliokuwa sabuni ya madobi. Mtungi ulikuwa na ufa. Kwa ufa huo Tadio alifungua kesi.

Kesi ikaangukia siku ileile ambayo mdogo wake, Vopisko, alikuwa ahukumiwe kwa shtaka la kughushi wosia. Kama angepatikana na hatia, angepelekwa kisiwani asirudi Roma tena.

"Nguo zako chafu za kuwatia mahakimu huruma zile pale," Sestia mkewe alimwambia asubuhi. "Ukasimame na mdogo wako. Ndevu, miungu ishukuriwe, unazo tayari."

"Hukumu ya Vopisko iko mikononi mwa mahakimu, mke wangu. Si mikononi mwangu."

"Na mikojo ya Roma nzima ndiyo iko mikononi mwako?"

"Ile ni haki! Ni msimamo!"

"Haya, mwanafalsafa. Mimi nitasimama, lakini mimi ni shemeji tu. Hana baba, hana mtoto. Mahakimu wakitafuta ndugu wa damu anayemlilia, watamwona nani?"

"Mtu huru halii ili kuwapendeza mahakimu," alisema Tadio, akachukua hati zake za mtungi.

Kesi zote mbili zilisikilizwa katika ukumbi mmoja, zikitenganishwa na pazia. Hosidio hakuonekana. Sheria inajulikana: asiyefika hadi adhuhuri ameshindwa. Tadio alilitazama jua likipanda kwa furaha ambayo mwalimu wake asingeipenda. Nyuma ya pazia mwanamume alikuwa akilia kwa kwikwi, na Tadio akasikitika, kifalsafa kabisa, kwamba wapo watu wasioweza kujizuia.

Adhuhuri ikafika. Akatangazwa mshindi. Akafunua pazia ili amtangazie yeyote atakayemkuta.

Alimkuta Hosidio. Dobi ambaye kanzu yake nyeupe ndiyo iliyomletea wateja alikuwa amevaa tambara lililojaa majivu, hajanyoa siku kumi, kamasi zinamtoka, mkono wake begani kwa Vopisko.

"Hosidio! Kesi yako je?"

"Kesi gani?" Dobi alijifuta pua. "Aa, ya mtungi. Samahani bwana, nilikuwa huku. Nitauondoa jioni."

Vopisko aligeuka. "Umeshinda, kaka?"

"Nimeshinda."

"Hongera. Mimi nimeshindwa kwa kura mbili, naenda kisiwani. Hakimu mmoja aliuliza kama sina ndugu."

Tadio alifungua mdomo aseme kwamba hayo hayakuwa mikononi mwake. Akaiona mikono yenyewe, imeshika hati ya mtungi. Aibu ikamwaka hadi masikioni, na hakuna somo alilokumbuka la kuizima. Sestia alimpita bila kumtazama.

Jioni Hosidio alikuja na mkokoteni. Tadio alikuwa amesimama penye pembe, hana joho.

"Uache, Hosidio," alisema. "Nakuomba. Uache hapo hapo."

"Haiwezekani, bwana," alisema Hosidio kwa upole, akiuinamisha mtungi. "Umeshinda."