Mlangoni pa Kibanda cha Pampu

Gurlal na Jagtar walijidunga unga wa kulevya pamoja ndani ya kibanda cha pampu ya maji, katikati ya mashamba ya ngano. Gurlal alipozidiwa, midomo ikageuka bluu, Jagtar alitimua mbio. Hakuita mtu. Maiti iliokotwa asubuhi, sindano ingali mkononi.

Nasib Kaur, mama yake Gurlal, hakuwa na mtoto mwingine. Kina mama waliofiwa vivyo hivyo, waliokuwa wakikutana kwenye ua wa gurudwara, hekalu la Masingasinga, walimfuata kwake. Walimpikia dengu, wakamkamulia nyati wake wa kufugwa, wakamfundisha namna ya kumpulizia pumzi mtu aliyezidiwa. Kisha wakamletea Jagtar aombe radhi.

Kijana aliinama akamgusa miguu, akilia. Nasib Kaur akamwinua, akamkumbatia mbele ya wote. Wanawake walifuta machozi kwa ncha za mitandio. Hawakusikia alichomnong'oneza.

"Utakuja kwangu kila siku. Na kila siku utanieleza alivyokufa."

Akawa anakuja. Alikamua, alikata majani, alizoa samadi. Kazi ikiisha, Nasib Kaur alimvisha shati la Gurlal, akamkalisha kwenye kitanda cha marehemu na kumtilia chai. "Haya, anza." Akiruka neno, alirudishwa nyuma. Alikuita? Kwa jina? Ulipofika mlangoni, uligeuka? Kijiji kikamsifu mama yule kwa kumfanya mwanawe kijana yule aliyemkimbia Gurlal. Na kweli Jagtar hakugusa sindano majira yote ya baridi, ila alikonda akabaki macho tu.

Mama yake, Chhindo, alikuja kusihi. "Dada, umemsamehe au unamla? Anaweweseka usiku, anajiita Gurlal."

"Wako anaweweseka," alijibu Nasib Kaur. "Wangu kanyamaza. Nenda zako."

Wiki ileile Jagtar hakutokea. Nasib Kaur hakuuliza mtu; alikwenda moja kwa moja kibandani. Alimkuta chali sakafuni na shati la Gurlal mwilini, akikoroma kama mtu anayezama.

Alisimama mlangoni akitazama. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Masimulizi yote yale hayakuwa yamemwonyesha rangi ile ya midomo, wala vidole vilivyokuwa vikikwaruza udongo. Alitaka kuona mpaka mwisho. Mkoromo ulikatika, naye akaendelea kusimama. Kisha kitu kikamsukuma, akapiga magoti, akambana pua, akapuliza. Alipuliza mpaka kichwa kikamzunguka, mpaka kifua cha kijana kikapanda chenyewe.

Chhindo alimwangukia miguuni. Gurudwara ilimtaja Nasib Kaur kwa sifa kwenye kipaza sauti.

Daktari wa mjini alisema ubongo ulikosa hewa kwa muda mrefu mno. Jagtar alirudi nyumbani akilishwa kwa kijiko, akicheka na nzi. Kina mama wakapangana zamu za kumsaidia Chhindo, na Nasib Kaur hakukosa ya kwake.

Siku moja, Chhindo akiwa jikoni, Nasib Kaur alimsogelea yule kijana, akamshika kidevu.

"Jagtar. Nieleze habari za Gurlal."

Jagtar alimtazama kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. "Gurlal ni nani, mama mdogo?"

Chhindo alisikia kutoka jikoni, akaja akijifuta mikono, uso umemng'aa. "Umeona, dada? Mungu kamwondolea ule mzigo. Na wewe ndiye uliyempa uhai wake."

Nasib Kaur alichota uji, akaupuliza upoe, akamlisha.