Kikombe cha Kwanza cha Mzee Heche

Robi alikuwa ameapa mbele za Mungu kwamba hakuna mtu atakayekunywa tena kikombe cha kwanza kutoka kwenye pipa lake. Kiapo hicho hakuwa amemwambia mtu. Jumamosi ile, umande ukiwa bado kwenye majani ya mihogo, alijua kwamba siku ya kukisema imefika, na wa kuambiwa ni Mzee Heche.

Heche ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji ule, boma la ukoo wao, huko Issenye. Kaka yake alifariki akamwacha mjane, Waisiko, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Waisiko akafanya kama desturi ya Wakurya inavyomruhusu mwanamke wa namna hiyo: akatoa ng'ombe kumi na wawili, akamwoa Robi kwa nyumba ntobhu, ili watoto wa Robi waitwe wa nyumba yake. Kwa hiyo mume wa Robi, kwa jina, alikuwa mama mmoja mwenye magoti mabovu na maneno machache, na ng'ombe waliomleta walitoka kwenye zizi la ukoo wa Heche. Jambo hilo Heche hakumruhusu mtu kulisahau.

Robi alipika gongo. Serikali haiitaki, kanisa haliitaki, naye alijua yote mawili. Kila mara kabla ya kuwasha moto alipiga magoti nyuma ya nyumba akasema, "Bwana, kazi hii huipendi, na mimi natafuta nyingine. Lakini wanaokunywa ni watu wako. Nisaidie nisiwaumize."

Katika mji ule kikombe cha kwanza kilikuwa cha heshima. Mkubwa alikinywa amesimama kando ya moto, kikiwa bado vuguvugu, na kikimchoma hadi machozi yatoke, watu walipiga makofi. Mwaka juzi Heche alikuwa safarini, heshima hiyo ikapewa binamu yake, Ezra. Alikunywa, akacheka, akaenda kulala. Siku ya pili alilalamika kwamba nyumba imejaa moshi, na moto ulikuwa haujawashwa. Robi alimpakia kwenye bodaboda mpaka hospitali Mugumu. Leo Ezra anaona mwanga wa dirisha tu. Watu walisema amefanyiwa jambo na wenye wivu. Robi hakusema kitu, maana gongo ile aliipika yeye, na muuguzi alishamwambia: yale ya kwanza kutoka ndiyo mabaya kuliko yote, hasa moto ukiwa mkubwa, na hata ukiyamwaga usijidanganye, gongo salama haipo.

Tangu hapo alipika Heche akiwa hayupo, akakimwaga cha kwanza kwa siri, na alitaka kujua joto la pipa lake. Mara ya kwanza alinunua kipimo cha homa, kile cha kioo cha kuweka kwapani, akakichomeka kwenye tundu la mfuniko. Kilipasuka hata kabla pombe haijaanza kuimba. Vitone vya zebaki vikamwagikia ndani, naye akafukia pipa zima shambani, chuma na pombe yake. Irine, mke wa mdogo wake Heche, alicheka wiki nzima. "Ulidhani pombe ina malaria?" Baadaye Robi akapata pipa jingine, na kipimo cha wakusanya maziwa, chenye mshale na namba mpaka mia na kumi. Hicho kilikaa.

Jumamosi hiyo walikuja wageni kutoka Kenyamonta, watu wa upande wa kijana anayemtaka binti wa Heche. Kiongozi wao alikuwa Werema, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Shikamoo, baba," Robi alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia una mkono mzuri. Tuonyeshe."

Pipa lilikuwa uwanjani, mbali na paa la nyasi. Robi alikuwa ameziba ukingo wa mfuniko kwa unga wa mihogo uliokandwa. Mrija wa shaba ulipita kwenye karai la maji baridi na kutokea upande wa pili, hatua sita kutoka kwenye moto, maana mvuke wa gongo hushika moto kama petroli. Alikuwa ameupuliza mrija kwanza kuhakikisha haujaziba. Kisha akachuchumaa, macho kwenye mshale.

Mshale ulilala kwenye hamsini muda mrefu.

"Inachelewa," Heche alisema. Alileta kigoda chake, akakaa kando ya mdomo wa mrija, kikombe mkononi. "Ongeza kuni."

"Hapana, baba. Moto ukikimbia, pombe inapanda na kuziba mrija. Mrija ukiziba, mfuniko unaruka."

"Mama yangu alipika bila saa hiyo yako."

"Siyo saa, baba."

"Basi ni nini? Si ina mshale?" Wageni wakacheka. Heche akainuka, akasukuma magogo mawili chini ya pipa.

Mshale ukaruka sabini, themanini, themanini na tatu. Pipa likaanza kunguruma, na unga wa mihogo ukatoa povu upande mmoja. Robi akayavuta magogo yote mawili kwa mikono yake, akayatupa kwenye mchanga, akaupaka ukingo unga mwingine. Kiganja kilimuuma. Mngurumo ukapungua, na matone ya kwanza yakaanza kudondoka, yenye harufu kali kama ya rangi ya mlango.

Heche alinyoosha kikombe. Robi akamtangulia, akaweka cha kwake, cha bati, kikajaa polepole watu wote wakiangalia. Kisha akatembea nacho hadi kwenye shimo la taka nyuma ya zizi na kukimwaga.

Aliporudi, Heche alikuwa amesimama.

"Umemwaga nini?" Heche aliuliza.

"Cha kwanza."

"Cha nani?"

"Chako, baba. Sitakupa. Hata kesho sitakupa. Kilichompofusha Ezra ni hicho, na nilikipika mimi."

"Ezra alirogwa!"

"Alinywa mkononi mwangu. Kama kuna mchawi, basi ni huyu hapa. Nifukuze."

Werema akakohoa. "Mura," alimwambia Heche, kama wanaume wa kule wanavyoitana, "huyu ni mke au ni mwalimu mkuu?"

Hapo ndipo Heche alipowaka. Kuchekwa na watu wanaokuja kuomba binti yake! "Ng'ombe zetu zirudi," alisema. "Kumi na mbili. Jumatatu urudi kwenu."

"Zirudi. Macho yakienda hayana pa kudaiwa."

Heche akayaokota magogo kutoka mchangani na kuyarudisha chini ya pipa. "Kitatoka kingine. Nitakunywa hicho, na wewe utanishikia kikombe."

Robi alimpa mgongo. Alichukua ndoo, akaumwagia moto wote maji hadi majivu yakaruka kwenye viatu vya wageni. Alisubiri pipa lipoe kidogo, akaufunga mkono kwa kanga, akauchomoa mrija wa shaba. Akaingia nao ndani, akafunga mlango, akakaa sakafuni na mrija mapajani. Bila mrija pombe ile ilikuwa uji mchungu tu, na mrija wa pili haukuwepo mpaka Mugumu.

Alitaka kuomba, lakini alichopata ni neno moja tu, "Bwana," akalirudia.

Nje alimsikia Heche akimwamuru Irine alete shoka ili auvunje mlango. Irine hakwenda. Kisha ikaja sauti ambayo Robi hakuitarajia, ya Waisiko, fimbo yake ikigonga kibaraza.

"Heche. Ng'ombe zile nilizitoa mimi. Zikirudi, zinarudi kwangu. Na huyu nampenda akiwa hapa."

"Shemeji, anatudhalilisha mbele ya wageni!"

"Wageni wana kiu. Wewe ndiye umewazuia."

Ukapita muda. Jua lilikuwa limesogea mpaka kwenye ufa wa mlango. Robi alisikia kigoda kikiburutwa, na mwisho hatua za Heche zikija mlangoni.

"Robi."

"Naam, baba."

"Cha pili kinatoka baada ya muda gani?"

"Nikiwasha moto mwenyewe, wewe ukakaa kule kwa wageni, nusu saa."

Alisubiri. Kigoda kiliburutwa tena, kuelekea kwa wageni.

Robi alifungua mlango, akaupuliza mrija, akauchomeka na kupaka unga upya, akawasha moto mdogo. Alimwaga tena kikombe kizima, hadharani, kwa sababu pipa lilikuwa limepoa na kuanza upya. Mshale ulipotulia karibu na tisini, alijaza kikombe kimoja, akampelekea Heche kwa mikono miwili, na goti chini.

Heche alikunywa. Macho yake hayakutoa machozi.

"Haina nguvu," alisema.

"Ndiyo, baba."

Akamkabidhi kikombe. "Ongeza."

Kuhusu ng'ombe hakusema neno, na Robi hakumuuliza. Alirudi kwenye moto wake, akachuchumaa, akaangalia mshale.